Theluji ya Kwalugala

Wewe uligeuza uso. Usitikise kichwa, uligeuza. Siku walipokuja kusimamisha Kioo sokoni Kwalugala ulikuwa unachagua nyanya. Uliona nguzo zinapanda, uliona nyaya zinavutwa juu ya vibanda vya samaki wakavu, ukauliza bei ya fungu ukaenda zako kupika. Ndivyo tulivyolelewa. Babu yako naye aligeuza uso walipokuja watu wenye kamba za kupimia wakasema hapa kesho patakuwa mkonge. Pakawa mkonge, na babu akawa mkata mkonge. Baba yako aligeuza uso lori lilipokuja kupakia vitanda na kuku, akaambiwa kesho yako iko kule, penye nyumba za mstari ulionyooka. Akapanda lori. Kila mara kesho imetufikia ikiwa imeshachorwa na wino umeshakauka, nasi swali letu limekuwa moja tu: tuhame na godoro au tuliache?

Basi sikiliza habari za Sikudhani Mhina, na safari hii tazama.

Kioo kilikuwa kipana kama ukuta wa ghala, kikiwaka mchana kweupe kana kwamba kina jua lake. Ndani yake ilionekana Kwalugala, ila ya miaka ya mbele, watoto wa leo watakapokuwa na mvi. Penye msikiti palikuwa na maji. Penye shule, maji. Mtaa wa Majengo, penye nyumba ya mama yake Sikudhani na michungwa yake, palikuwa na maji ya kijivu yaliyolala bila hata bata mmoja. Na mtu hakuwemo.

Kesho yenyewe ilikuwa haijafika, lakini watu walikuwa wameshaanza kuezua paa zao kwa mikono yao.

Sikudhani, mwalimu wa fizikia wa sekondari ya pale, alimkuta jirani yake Mzee Mbelwa juu ya nyumba, nyundo mkononi, anang'oa mabati.

"Shikamoo, Mzee Mbelwa."

"Marahaba, Mwalimu. Kwani wewe hung'oi? Bati likishaloa hakuna wa kulinunua."

"Yako wapi hayo maji?"

"Si yale?" Akaelekeza nyundo kwenye Kioo, akashangaa kuulizwa.

Sikudhani akatazama mabati yaliyorundikwa chini. Mtu ameonyeshwa picha ya maji, naye ameshavua viatu!

Akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Kampuni ya Upeo, wenye Kioo chao. Dirishani alikaa Charles Sekiete, mtoto wa hapohapo Kwalugala, mwanafunzi wake wa zamani, sasa kavaa tai na kitambulisho kinachoning'inia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Charles, hili dude lenu linajuaje ya kesho? Lina pepo?"

Charles akacheka, kisha akaona kuwa mwalimu hacheki. "Halina pepo wala ramli, Mwalimu. Linasoma. Kila kilichowahi kuandikwa kuhusu kesho ya mahali, Kioo kimekisoma, kinakipima uzito, halafu kinachora. Sisi tunajenga kilichochorwa. Siku hizi hakuna mwenye fedha anayetoa hata shilingi bila kutazama Kioo."

"Na kuhusu sisi kimesoma nini?"

Charles aliangalia mlangoni, kisha akaigeuza skrini yake ili mwalimu aone. "Kadi za harusi. Matangazo ya misiba. Mahubiri. Ahadi za uchaguzi, ila hizo kilishajifunza kuzitupa."

"Kesho?"

"Hakuna. Hakuna mtu aliyewahi kuandika Kwalugala ya kesho. Na panapokuwa wazi, Kioo hujaza kinachowafaa wengine. Huko mjini wanataka bwawa."

Sikudhani alishika kingo za dirisha. Charles akashusha sauti. "Sheria inamruhusu mkazi kuleta kesho yake. Lakini iwe hadithi nzima, yenye watu na kazi zao, na ieleze mambo yanakwendaje. Dirisha liko wazi mpaka tone la kwanza la vuli. Hajaja mtu."

"Hamkutangaza!"

"Tulitangaza, Mwalimu. Tumebandika pale, nyuma ya mlango."

Mlango ulikuwa wazi, na umeegemezwa ukutani kwa tofali tangu ofisi ilipofunguliwa.

*

Sasa mtasema, aa, mwalimu wa fizikia, shida iko wapi? Akae aandike. Semeni tu. Ninyi ndio mliomharibu.

Alipokuwa msichana aliandika kisa cha chombo kinachopaa kutoka Handeni. Mwenye gazeti akamrudishia na neno moja: hayo ya roketi waachie wenye roketi. Alipokuwa mwalimu kijana aliwasimulia wenzake ofisini habari ya mji ulio chini ya ardhi, wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. "Mwalimu Sikudhani na anga zake! Maji ya bomba yenyewe hatuna!" Sentensi hiyo ameisikia kwa ndugu, kwa mapadri na kwa mashehe, kwa mwanamume aliyetaka kumuoa akaghairi. Maji ya bomba yenyewe hatuna. Kana kwamba mwenye kiu ndiye asiyeruhusiwa kuota mto. Mwisho sentensi ikahamia ndani yake, ikawa inamsema yenyewe bila kusubiri watu.

Kwa hiyo alipokaa kuandika hakujiandika. Aliogopa. Aliandika jinsi alivyodhani sayansi inavyoandikwa. Akamtia Daktari Viktor, na minara ya chuma, na gari moshi la vioo lisilogusa reli. Na akatia theluji. Hakujiuliza kwa nini. Kesho zote alizowahi kusoma maishani mwake zilikuwa na baridi, akaamini kuwa kesho ndivyo ilivyo, inakuja na baridi yake.

Charles aliisoma akasimama. "Hii ya kitaalamu kabisa, Mwalimu! Ungeniambia imeandikwa Ulaya ningekubali."

Naye Sikudhani, Mungu amsamehe, alifurahi.

Asubuhi yake bwawa halikuwepo tena kwenye Kioo. Kwalugala ilikuwa imesimama, na juu yake kulikuwa na theluji. Theluji juu ya mkonge! Kila jani lenye mwiba limevaa kofia nyeupe. Soko zima likanyamaza, kisha mtu mmoja akakimbia, kisha wote wakakimbia, wakielekea kwenye mitumba.

Makoti yale mnayajua. Yale makubwa ya manyoya yanayokuja ndani ya marobota, ambayo muuzaji huyatupa kando kwa matusi, mbwa wakalalia. Kufikia adhuhuri hayakuwepo. Watu walipigana. Mama mmoja alivaa mawili. Mzee Mbelwa alikaa barazani, nyumba haina paa, jua la Korogwe linamchoma utosini, naye kavaa koti lenye kola ya manyoya ya mnyama ambaye jina lake halijui, jasho linamtiririka mpaka kwenye kandambili.

"Mzee Mbelwa, utakufa!"

"Mwili lazima uzoee, Mwalimu. Theluji ikija ghafla itatukuta hatujajiandaa."

Kampuni ikaleta matrekta. Ikang'oa mihogo, ikakata michungwa ya Majengo ikiwa na matunda, ikapanda misonobari iliyonyauka siku ileile. Hakuna aliyezuia. Wengine walisaidia kubeba magogo.

Sikudhani alisimama chini ya Kioo akatazama kwa makini watu waliokuwa wakipita kwenye theluji. Walikuwa wengi, wenye afya, wanacheka, moshi unawatoka midomoni. Akatafuta sura moja anayoifahamu, pua ya ukoo wowote, mwendo wa mtu yeyote wa Kwalugala. Akampata mmoja, mwanamke aliyeinama pembeni ya barabara na fagio. Alikuwa anafagia theluji ili wengine wapite.

Akageuka, akatoka mbio akipita kando ya samaki wakavu.

Nyumbani, mama yake Bi Mwajabu alikuwa ameketi kwenye kisiki cha mchungwa wake.

"Wanasema ni wewe uliyeandika."

"Ni mimi, mama."

"Kaburi langu liko upande gani humo?"

Sikudhani akainama, akaokota chungwa moja, akalifuta vumbi.

"Sikuuliza kwa ubaya. Nauliza tu, maana huko mbele mimi sitakuwepo, lakini nitakuwa nimelala mahali. Wapi?"

"Halimo, mama."

"Basi umeandika kama wao," alisema Bi Mwajabu, akaanza kuokota machungwa yaliyotawanyika.

*

Akaifuta. Akaandika ya pili, na hii aliiandika kwa hasira. Safari hii hakumtia Viktor. Aliwatia watu wa Majengo wenye majina yao na ubishi wao. Alitia mashimo makubwa ambamo mabaki ya mkonge yanaoza na kutoa umeme. Alitia birika la mawe juu ya mji linalokamata maji ya mto, na kaburi la mama yake chini ya mchungwa uliokatwa ukachipua. Akampelekea Charles karatasi siku hiyohiyo.

Kioo kikaikubali. Kwalugala ikaonekana, yao kabisa, mpaka mbuzi waliokuwa kwenye Kioo walikuwa wakorofi kama mbuzi wa pale. Ngoma zikatoka. Makoti yakachomwa moto, na harufu ya manyoya yale ikawafanya watoto kukohoa. Watu wakamkumbatia mwalimu wao, wakamwambia sisi siku zote tulijua.

Ila Sikudhani alikuwa na tabia ya kutazama pembe za picha. Chini kabisa ya Kioo, mto unakotelemkia, palikuwa na doa la kahawia. Akasogea. Ilikuwa Kambi ya Chini, makazi ya wajukuu wa wale Wanyamwezi walioletwa kukata mkonge, wakakata mpaka wakazeeka, wakazikwa papo hapo. Nyumba zilikuwa wazi. Kisima kimejaa mchanga. Hakukuwa na mtu.

Alirudi dirishani anahema.

"Ni hesabu ya maji, Mwalimu," Charles alisema, hakumtazama usoni. "Kioo kinataka kila tone liwe na mwenyewe. Ukilizuia huku, kule halipo."

"Gawanya nusu kwa nusu."

"Nimekujaribia. Kinasema haitoshi pande zote mbili, kinarudisha bwawa. Na bwawa linafunika wote, Kambi na Kwalugala. Ni hii yako au bwawa."

Hapo sasa. Aliwaambia watu sokoni, akitarajia ngoma zinyamaze. Hazikunyamaza. Mmoja alisema ni huzuni. Mwingine alisema, kwani wale si walikuja tu? Walikuja! Watu ambao mikono ya babu zao ilichanwa na mkonge huuhuu, ambao wanajua majina ya wafu wetu kuliko sisi! Mzee Mbelwa, aliyekuwa anarudishia mabati, aliongea na misumari mdomoni: "Mwalimu, umeshatuokoa. Usianze kuharibu."

Alimtazama akaona mdomo unaong'aa misumari. Hiki ndicho alichokiokoa?

Akamuuliza mama yake. Bi Mwajabu alivuta kanga mabegani. "Usiniulize mimi. Nitakwambia niokoe, halafu sote tutaaibika."

*

Pilau ya shukrani ilikuwa inapakuliwa uani kwa Bi Mwajabu pale Kapela alipoingia. Kapela wa Kambi ya Chini, mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sauti kama ya ngoma iliyopasuka. Kabeba mkeka kwapani na kitambaa cheupe begani. Nyuma yake watu wa Kambi walisimama nje ya ua kimya, kama wanaosubiri jeneza. Alitandika mkeka mlangoni, katikati ya njia ya kwenda jikoni, akajilaza, akajifunika kitambaa kuanzia unyayoni hadi usoni.

"Nani kafa?" mtu aliuliza.

"Mimi," alisema Kapela kutoka ndani ya sanda. "Mtani wangu kaniua. Hata panga hakutumia, maskini. Kanichoma na kalamu."

Kicheko kikatoka hapa na pale, kikafa. Kila mtu pale uani alijua mchezo wa utani umeanza. Mzigua wa Kwalugala na Mnyamwezi wa Kambi ni watani. Mtani akija kwako akalala mlangoni, huli mpaka umkomboe kwa anachotaka, na humfukuzi, na hukasiriki, maana ukikasirika umeshindwa na ukoo wako wote umeshindwa. Pilau ikaanza kupoa.

"Mpeni kuku," alisema Mzee Mbelwa.

"Kuku wa Mzigua?" ikajibu sanda. "Si atakufa njaa kabla sijamla?"

"Mpeni mbuzi basi, aondoke!"

"Mbuzi nitamnywesha nini? Maji yenu? Mimi ni marehemu lakini si mjinga."

Sasa hakuna aliyecheka. Sikudhani akaja akachuchumaa karibu na mkeka.

"Amka, mtani. Unanitia aibu mbele za watu."

"Unayo? Nilidhani mliiuza pamoja na mabati."

"Kapela, nifanyeje? Maji hayatoshi. Nimepiga hesabu."

"Hesabu ya nani?"

"Ya Kioo."

Kapela akafunua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na Sikudhani akaelewa kuwa mzaha huu umebeba msiba wa kweli. "Kioo kimewahi kuwa na mtani?"

"Haa?"

"Nakuuliza wewe mwenye shule. Mbuzi wangu mwenye doa alipopotea, aliliwa wapi?"

"Hapa," Sikudhani alikubali.

"Nilikwenda polisi?"

"Ulikuja ukang'oa mlango wa jikoni kwa mama ukaondoka nao."

"Mkanifunga?"

"Tulikutukana."

"Mlinitukana vizuri sana. Na mama alipougua, mlango ulirudi?"

"Ulirudi na mzigo wa kuni juu yake," alisema Bi Mwajabu kutoka kwenye kigoda chake. "Na ukaupachika kichwa chini miguu juu. Mpaka leo unakwaruza."

"Haya. Mbuzi wangu na mlango wenu, nani anamdai nani? Fanya hesabu, Mwalimu."

Sikudhani alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hesabu haikuwepo. Miaka yote ile vitu vimepanda na kushuka kati ya Kwalugala na Kambi, mbuzi na milango na mbegu na maharusi, na hakuna mtu aliyewahi kupungukiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mwenye kitu peke yake kwa muda mrefu. Kioo hakikujua hilo. Kingejuaje? Halikuandikwa.

"Kesho," akasema, kwanza polepole, "nyie watu wa Kambi mtatuibia maji."

"Tutaiba!" Kapela akainuka, akakaa juu ya mkeka, sanda imeshuka kiunoni. "Na mabomba yanayotambaa yenyewe kama majongoo, yanapanda mlima nyie mmelala, yananyonya birika lenu."

"Tutayasikia. Yatakuwa yanakoroma kama baba zenu."

"Mtafanya nini? Mtakuja na kikao?"

"Tutatundika nyavu za mkonge juu ya Kambi yenu, nyembamba kama utando wa buibui. Kila ukungu wa alfajiri unaotoka kwenye mashamba yenu tunauvua kama dagaa. Mkiamka, umande wenu uko kwenye mitungi yetu."

"Wezi wakubwa!"

"Na atakayeiba bila kutukana kwanza, huyo ndiye mwizi wa kweli, anakatiwa."

"Na mwenye kisima kikavu," Kapela akadakia, "analala kwenye mlango wa mwenzake na sanda, hakuna kula mpaka bomba lifunguliwe!"

Watu wa Kambi walikuwa wameingia uani. Mwanamke mmoja wao akapaza sauti: "Na chombo chenu cha kwenda mwezini mkikijenga, Wazigua, mtafika kule muanze kubisha hodi mkitafuta mwenye nyumba mumwamkie!"

"Na nyie mtakibeba kichwani mpaka huko," akajibu mpishi wa pilau, mwiko juu, "si mmezoea mizigo!"

Ua ukalipuka. Kila mtu alikuwa na lake. Kuna aliyewajengea Wanyamwezi mji unaotembea kwa miguu kwa kuwa hawajui kutulia. Kuna aliyewapa Wazigua mashine ya kubisha, iwasaidie wakilala. Bibi mmoja asiyejua kusoma alieleza kwa kina jinsi mbegu zitakavyofundishwa kujipanda zenyewe kwa aibu. Sikudhani alisimama katikati yao, mikono inamwasha. Hawa ndio waliomwambia maji ya bomba yenyewe hatuna! Kumbe wanajua. Kumbe tangu wazaliwe wanabuni yasiyokuwepo, kwenye misiba, kwenye harusi, wanayaona mpaka misumari yake, na hawajawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Walikuwa hawaamini tu kwamba yanafaa kuandikwa.

Akakaa kwenye mkeka wa maiti akaandika, kelele zikimpigia juu ya kichwa. Sentensi ile ya zamani ilijaribu kumsema. Hakuisikia. Palikuwa na zogo mno.

*

Charles aliisoma mara mbili. Mara ya pili midomo ilikuwa inamcheza.

"Kioo kinauliza mwenye maji ni nani."

"Andika watani."

Akaandika. Nje, sokoni, watu wa Kwalugala na wa Kambi walikuwa wamesimama wakitazama juu. Kioo kikatetemeka. Mara ikaja: miji miwili juu ya mto mmoja, nyavu zinameta ukungu, majongoo ya chuma yanapanda mlima kwa kunyata, mzee mmoja kalala mlangoni kwa mtu huku wajukuu wanamrushia karanga. Watu wakapiga ukelele. Mtu akasema, yule ni mimi! Kisha picha ikakatika kama uzi. Maji ya kijivu yakarudi.

"Umefanya nini?" Sikudhani aligonga dirisha.

"Si mimi, Mwalimu. Ni uzito." Charles alitazama nyuma yake, akaongea haraka. "Kampuni imeajiri watu mjini, wanaandika bwawa kila siku, bwawa zuri, bwawa lenye boti. Kioo kinalipima. Ile yako ya theluji ilikuwa na ndugu zake maelfu duniani. Ile ya pili nayo, mmoja anakunywa mwingine anakauka, hiyo imejaa kila lugha. Ndiyo maana zilipita. Hii haina ndugu. Kioo kinaiona kama mtu mmoja aliyechanganyikiwa. Inataka nyingine, na nyingine. Tofauti, za watu wengine, zote zinasema tutakuwepo."

"Dirisha linafungwa lini?"

Akaonyesha nje kwa kidevu. Upande wa milima mawingu ya vuli yalikuwa yamerundikana, meusi kwa chini.

"Lakini ile ya pili ninayo bado," akasema. "Nikiibofya, Kwalugala inabaki. Mama anabaki na kaburi lake. Wa Kambi... Mwalimu, hakuna atakayekulaumu."

Na hilo lilikuwa kweli. Hakuna ambaye angemlaumu. Nyuma yake Mzee Mbelwa na wengine walikuwa wamelisikia, na alizisikia pumzi zao zikibadilika, zikiwa na matumaini, zikinuka. Haohao waliokuwa wanacheka uani! Pilau ya jana bado iko kwenye kucha zao.

"Mwambie abofye, Mwalimu," alinong'ona mtu.

Sikudhani aligeuka akawatazama mmoja mmoja. Akamwona mama yake kwa mbali, amesimama kando ya mwanamke wa Kambi.

"Charles," alisema, "ifute ile ya pili."

"Mwalimu!"

"Ifute, niione inafutika."

Akaifuta. Kelele zilizotoka pale hazistahili kuandikwa. Mtu alimtemea mate, yakamwangukia kwenye mkono wa gauni, hakuyafuta. Aliweka rundo la karatasi tupu na kalamu kwenye kizingiti cha dirisha, akasimama pembeni.

Kapela alikuja wa kwanza. Hakuwa mwandishi, herufi zake zilikwenda upande upande kama kuku anayevuka barabara, na kila neno alilitamka kwa sauti kabla ya kuliweka. Bibi wa mbegu akasema yake huku mwanamke wa Kambi akimwandikia. Mpishi wa pilau alifuta mikono akachukua kalamu. Charles alitazama mlango wa mkubwa wake, akavua tai, akavuta karatasi chini ya meza. Wanne. Kwenye Kioo, maji ya kijivu yakaingia mkunjo mdogo, kama kitambaa kinachovutwa na mtu kwa chini.

Wengine wote wanaangalia miguu yao. Ni mji mzima huo, watu waliosoma, watu wenye ndimi za kuchana chuma, wamesimama wanasubiri kuona kama wale wanne watatosha. Mzee Mbelwa anahesabu mabati yake. Upepo umegeuka, una harufu ya mvua. Na wewe uko palepale kwenye foleni, kalamu iko mbele yako, unafikiria kuna mtu mwingine anayejua zaidi, aliyesoma zaidi, mwenye roketi.

Hayupo. Kaa chini. Andika jina la mahali ulipozaliwa, kando yake andika neno kesho, kisha watie watu wako humo, wakiwa hai, wakitukanana, na mtani wako wasimwache nje. Ukikosea utafuta. Usiniambie jioni. Usiniambie ukishapika. Andika sasa hivi, kabla tone halijagusa kizingiti.